Damu ya Kwanza Inatupwa kwa Sababu Gani?

Somo juu ya kupima damu ya mugonjwa mwenye mupira katika mushipa mukubwa

Mama mumoja alikaa karibu na kitanda cha mwana wake katika hospitali. Mwana alikuwa mugonjwa siku nyingi, na wanganga walikuwa wamemutia mupira mwembamba katika mushipa mukubwa wa shingo. Asubuhi infirmie akaja kutwaa damu ya kupima. Akavuta damu kwa seringi ya kwanza, akaiweka kando. Akavuta tena kwa seringi ya pili, na damu hiyo ya pili ndiyo aliyoitia katika chupa ndogo za labo. Kisha akaitupa ile ya kwanza katika sanduku la takataka.

Mama akakasirika sana. Akasema, “Kila siku munasema kwamba mwana wangu hana damu ya kutosha. Jana muliita ndugu zake waje kutoa damu. Na leo munamwaga damu yake mbele ya macho yangu!” Infirmie alikuwa na haraka, akajibu neno fupi tu, akaenda zake. Mbele ya jua kushuka, maneno yalikwisha kufika mutaani kwamba katika hospitali ile damu ya watu inafanyiwa mambo ya siri.

Infirmie hakukosa kwa kutupa damu. Alikosa kwa kuondoka bila kueleza. Na mama yule hakukosa kwa kuuliza. Basi tuchukue ulizo lake na kulijibu polepole, kwa sababu si mama huyu peke yake anayeuliza.

Mupira huu ni nini?

Mishipa inayorudisha damu katika moyo ni kama mito. Vijito vya mikono na miguu vinaingia katika mito mikubwa zaidi, na mito hiyo inaingia katika moyo. Mishipa ya mukono ni myembamba. Dawa nyingine ni kali na zinaichoma, kama dawa nyingi za kupigana na kansa. Tena kuna mugonjwa aliyechomwa sindano mara nyingi hata mishipa yake imejificha, na kila asubuhi anateswa bure. Kwa mugonjwa wa namna hii munganga anapitisha mupira mwembamba, laini, katika shingo, ao chini ya mufupa wa mbele wa bega, ao katika mukono juu ya kiwiko, na kuusukuma hata ncha yake inafika katika mushipa mukubwa sana ulio karibu na moyo. Pengine wanapitia katika paja. Mupira huu unaitwa kateteri. Ule wa shingo unaingia karibu sentimetri 15 kwa mutu mukubwa; ule wa mukono unaweza kupita sentimetri 40.

Njia hii ilianza kwa ushujaa uliofanana na wazimu. Mwaka 1929, katika muji wa Eberswalde huko Ujerumani, munganga kijana jina lake Werner Forssmann alitia mupira wa mukojo, wenye urefu wa sentimetri 65, katika mushipa wa mukono wake mwenyewe. Akatembea kwa miguu hata chumba cha radio, akaona kwa macho yake kwamba ncha ya mupira iko ndani ya moyo. Hakupata sifa nyingi siku zile, lakini mwaka 1956 alipewa zawadi ya Nobel pamoja na André Cournand na Dickinson Richards. Munganga Mufaransa Robert Aubaniac alieleza mwaka 1952 njia ya kupita chini ya mufupa wa bega. Leo kazi hii ni ya kila siku katika hospitali kubwa, na ndugu zetu wanaotumwa Kampala, Kigali ao Butaro kwa ajili ya kansa wanaweza kurudi kwetu wakiwa na mupira huu katika mwili. Kwa hiyo hata sisi tulio mbali na miji hiyo tunapaswa kuujua.

Kazi ya kwanza ya mupira ni kuingiza dawa na serumu. Kutwaa damu kwa njia yake ni kazi ya pili. Kama mushipa wa mukono unaonekana vizuri, mara nyingi ni afazali kuchoma mukono, kwa sababu kila mara tunapofungua mupira tunafungua mulango wa vijidudu, na mulango huo unaelekea moyo.

Maji ya kwanza ya mwanzi

Munajua mianzi tunayoweka kwenye chemchemi ili maji yashuke vizuri. Kama jana mutu alimwaga chumvi katika mwanzi ule, mwanamuke wa kwanza kuteka asubuhi ataonja chumvi. Je, atasema kwamba chemchemi yote imekuwa chumvi? Hapana. Ataacha maji yashuke kidogo, kisha ataweka mutungi wake.

Mupira wa mushipa ni kama mwanzi huo. Dawa ilipita ndani yake usiku. Serumu imebaki ndani yake. Pengine walitia heparini, ni dawa inayokataza damu kuganda, ili mupira usizibe. Ukivuta damu, kitu cha kwanza kinachotoka si damu tupu. Ni mabaki ya mupira yaliyochanganyika na damu. Ukiyapeleka katika labo, labo itayapima kwa uaminifu na kukuletea hesabu. Mashini haikosi. Imepima kile ulichoipa. Lakini ulichoipa si damu ya mugonjwa.

Mutu mwenye akili atauliza, “Ndani ya mupira mwembamba kama huu munaingia maji kiasi gani?” Ni kweli, katika mupira wa mutu mukubwa kila njia inachukua chini ya cc 1. Lakini mabaki yanashika kando za mupira na kuchanganyika, hayatoki yote mara moja kama risasi katika bunduki. Ndiyo sababu kwa mutu mukubwa hospitali nyingi zinatupa karibu cc 5, maana yake kijiko kidogo kimoja cha chai. Mutu mukubwa ana damu karibu litri 5. Kijiko hicho hakitamupunguzia nguvu.

Sasa tufanye hesabu, mupate kuona ukubwa wa jambo. Mugonjwa anapata serumu ya sukari, ile inayoandikwa 5%. Katika kila cc 100 za serumu hiyo kuna sukari gramu 5, ni miligramu 5000. Katika cc 100 za damu ya mutu muzima kuna sukari karibu miligramu 100 tu. Tuseme infirmie ametwaa cc 10, na ndani yake damu ni cc 9 na serumu ni cc 1. Labo itasoma 590! Munganga aliyeitwa usiku ataona hesabu hiyo na kufikiri kwamba mugonjwa ana diabete kali. Akimupa insulini, sukari ya kweli, iliyokuwa nzuri, itashuka hata ubongo utakosa chakula. Mugonjwa atatoka jasho, atatetemeka, atapoteza akili, anaweza kufa. Si hadisi tu. Mwaka 2008 wakubwa wa afya wa Uingereza walituma onyo katika hospitali zao kwa sababu ya makosa ya namna hii, yaliyotokea katika mipira inayowekwa katika mishipa inayotoka moyoni. Kama kosa hili linaingia katika hospitali zenye mashini za kila namna, litaingia kwetu pia.

Serumu ya chumvi nayo inadanganya, lakini kwa upande mwingine. Inaongeza maji katika damu. Kama hemoglobini ya mugonjwa ni gramu 10, na katika cc 5 zilizotwaliwa cc 2 ni serumu, labo itasoma gramu 6. Ndipo jamaa wataitwa kutoa damu. Baba ataacha shamba, kijana atapanda pikipiki kilometa nyingi, mufuko wa damu ambao ungeokoa mama anayezaa utamwagika katika mutu asiyeuhitaji.

Mambo haya yalimupata mwana wa mama yule yule. Usiku mumoja infirmie mwingine, aliyechoka, alitwaa damu bila kufunga serumu na bila kutupa ya kwanza. Hesabu ikarudi: gramu 6. Ndugu wawili wakaamushwa. Lakini munganga akamutazama mwana kwanza. Akafunua ukope wa jicho, akaona wekundu kama jana. Moyo haukukimbia. Akasema, “Hesabu hii haifanani na mutu huyu. Tutwae tena, katika mukono.” Damu ya mukono ikaonyesha karibu gramu 10. Ndugu wakarudi kulala. Nawaambia kweli, vijiko vingi vya damu ya kwanza vikitupwa, bado ni hasara ndogo kuliko usiku mumoja wa namna hii.

Namna ya kuitwaa vizuri

Infirmie anajua kazi yake, lakini ni vizuri mugonjwa naye ajue, ili asishangae, na ili aseme kama jambo limesahauliwa.

Kwanza serumu zinafungwa. Mupira mmoja unaweza kuwa na vinywa 2 ao 3 nje, na kila kinywa kina tundu lake ndani, mahali tofauti. Haifai kufunga kinywa kimoja tu. Kama mwanamuke anafua nguo juu ya muto, anayeteka chini atapata sabuni, hata kama mutungi wake ni safi. Basi zote zinafungwa, na watu wanangoja dakika 1 ao zaidi, hata 5, kufuatana na kanuni za hospitali. Lakini kuna dawa ambazo haziwezi kusimama hata kidogo, kama zile zinazoshikilia nguvu ya damu ya mugonjwa aliye karibu kufa. Hapo infirmie mwenye akili hagusi mupira; anatafuta damu mahali pengine.

Kisha kunawa mikono na kuvaa glavu. Kinywa cha mupira kinasuguliwa kwa alkoli ya 70% kwa nguvu, sekunde 15 ao zaidi, na kuachwa kikauke. Si kupangusa mara moja kama mutu anayefukuza nzi. Alkoli inaua vijidudu wakati inapokauka, na infirmie anayepuliza kwa mudomo ili ikauke upesi ameharibu kazi yote.

Anasukuma serumu safi ya chumvi kidogo kwa seringi ya cc 10, ili aone kama njia iko wazi. Kwa nini asitumie seringi ndogo? Kwa sababu seringi ndogo, ukiisukuma kwa mukono ule ule, inatoa nguvu kubwa zaidi, na inaweza kupasua mupira ndani ya mwili. Halafu anavuta damu ya kwanza na kuitupa, anabadili seringi, na kuvuta damu ya kupima polepole. Mwenye haraka anavuta kwa nguvu, na chembe nyekundu za damu zinapasuka. Ndani ya chembe hizo potasiumu ni karibu mara 30 kuliko ile iliyo nje katika maji ya damu. Chembe zikipasuka, potasiumu inamwagika, na labo inaandika hesabu ya kutisha, kama ya mutu ambaye moyo wake unakaribia kusimama. Hesabu kama hiyo inaletwa pia na infirmie anayemimina damu kutoka chupa yenye kifuniko cha rangi ya zambarau katika chupa nyingine, kwa sababu dawa iliyo ndani ya chupa hiyo ya zambarau ina potasiumu. Damu iliyokwisha kuingia katika chupa ibaki katika chupa yake.

Vipimo viwili vinahitaji uangalifu wa pekee. Kipimo cha kuganda kwa damu kinaharibiwa na heparini hata kidogo sana. Kitwaliwe katika mukono kama inawezekana. Na kama munganga anataka kujua dawa fulani ni kiasi gani katika damu, haifai kuvuta katika kinywa kile kile ambacho dawa hiyo inapitia, kwa sababu dawa nyingine zinashikamana na mupira siku nyingi.

Mwishoni mupira unasafishwa kwa serumu ya chumvi, cc 10 hata 20, kwa kusukuma na kusimama, kusukuma na kusimama, ili maji yazunguke ndani na kuondoa damu. Damu iliyobaki katika mupira inaganda, nayo ni chakula kizuri cha vijidudu. Kisha serumu zinafunguliwa tena. Hapo watu wengi wanasahau.

Wakati mwingine damu inakataa kutoka. Mugonjwa aambiwe ageuze kichwa, ainue mukono, avute pumzi, akohoe. Pengine ncha imeegemea kando ya mushipa, na kugeuka kidogo kunatosha. Kusukuma kwa nguvu hakufai kabisa, maana kunaweza kutupa damu iliyoganda ndani ya mwili. Aitwe munganga.

Watoto wadogo

Hapa neno la mama yule lina uzito, wala tusilicheke. Mutoto muchanga wa kilo 3 ana damu karibu cc 240 tu. Kumutupia cc 5 ni kumunyima sehemu moja katika 50 za damu yake yote, na ukifanya hivyo kila siku kwa juma zima utamumaliza wewe mwenyewe, halafu utatafuta damu ya kumutia. Kwa sababu hiyo kwa watoto kinatupwa kiasi kidogo tu, mara 2 ao 3 ya kile ambacho mupira wenyewe unachukua. Hospitali nyingine zinafuata njia ya kuvuta na kurudisha: infirmie anavuta damu na kuirudisha mara kadha bila kufungua seringi, hata mabaki ya mupira yachanganyike na damu ya mwili na kuondoka, ndipo anabadili seringi na kutwaa ya kupima, bila kutupa kitu. Kazi hii inataka mikono safi sana. Tena damu itwaliwe mara moja kwa vipimo vyote vya siku. Mimi nadhani wanganga tunaandika vipimo vingi mno kwa watoto, tukisahau kwamba kila karatasi tunayoandika ina bei ya damu.

Homa ya mwenye mupira

Mutu mwenye mupira akipata homa na kutetemeka kwa baridi, zaidi nyuma ya kutiwa serumu, asiseme ni malaria tu na kumeza vidonge nyumbani. Aende hospitali siku hiyo hiyo. Huko watatwaa damu mahali pawili kwa wakati mumoja, katika mupira na katika mukono, kiasi sawasawa, na kuitia katika chupa za kuotesha vijidudu. Kinywa cha nje kinachofungwa juu ya mupira kinabadilishwa kwanza, kwa sababu kile cha zamani kinaweza kuwa na uchafu wake chenyewe. Kama hospitali ina mashini inayolinda chupa hizo, wataangalia ipi inaota mbele. Chupa ya mupira ikitangulia ile ya mukono kwa saa 2 ao zaidi, mupira ndio kiota cha vijidudu. Chupa moja peke yake haiwezi kusema hivyo. Kwa hiyo usikatae sindano ya mukono ukisema, “Mimi nina mupira wangu.”

Kazi ya mugonjwa na ya mulinzi wake

Wakati mupira unafunguliwa, mugonjwa alale chali, asikae. Mutu akikaa ao akivuta pumzi kwa nguvu, mupira ukiwa wazi, mushipa ulio karibu na moyo unavuta hewa ndani, na hewa hiyo inaweza kumuua kwa dakika chache. Kama mupira umefunguka wenyewe, ufinye ao uukunje mara moja karibu na mwili, umulaze mugonjwa kwa upande wa kushoto, kichwa chini, na kuita watu kwa sauti kubwa. Kama umechomoka wote, alale chini, ukandamize tundu kwa kitambaa safi na usiachilie. Makasi yasikaribie mupira, hata kwa kukata bandeji.

Wale wanaosafishwa damu kwa mashini kwa sababu ya figo wana mupira mwingine, munene zaidi. Ndani yake mara nyingi kuna heparini kali. Mupira huo ni wa mashini tu. Infirmie wa mahali pengine akitaka kuufungua kwa kutwaa damu ya kawaida, mugonjwa amwambie kwa upole kwamba watu wa mashini walimukataza.

Na usione haya kuuliza. Uliza, “Serumu imefungwa?” Uliza, “Hii ya kwanza munaitupa?” Mama wa habari yetu alielezwa mwishoni, na munganga mwenyewe, kwa mufano wa mwanzi. Tangu siku ile yeye ndiye aliyekuwa akihesabu dakika za kungoja kwa kuangalia saa ya ukutani, na wauguzi walizoea kumuuliza kama zimetimia.

Jambo moja limebaki. Chupa ziandikwe jina la mugonjwa, na saa, na mahali damu ilipotwaliwa, mupira ao mukono, pale pale kando ya kitanda. Mugonjwa aseme jina lake kwa kinywa chake kama anaweza. Ukiona mutu anaondoka na chupa zisizoandikwa katika mufuko wa koti lake, mwite arudi.